Pua ya Zélie

Jumatatu, 4 Mei
Meya Josserand amemuuza mwanamke wa chuma, sanamu ya pale uwanjani. Mtungi begani, miguu peku, mvua za zaidi ya karne mgongoni. Atapelekwa kupamba bustani ya tajiri huko Lyon. Haiwezekani. Yule ni Zélie, bibi wa bibi yangu. Kwetu kila mtu anajua kwamba mchongaji wa kiwanda cha sanamu alimsimamisha mbele yake majira yote ya baridi, akimchonga. Nimemwambia meya. Akanijibu, binti, lete ushahidi kabla ya Ijumaa, nami nitavunja mauzo. Ushahidi ninao usoni: pua ni ile ile.

Jumanne, 5 Mei
Ukungu umejaa uwanjani. Nimesimama kando ya Zélie, peku, mtungi wa shangazi begani, ili watu waone. Kwa kitambo sikujua ni nani kati yetu mwenye damu. Chuma kilinipanda miguuni taratibu, baridi, kitamu. Mwoka mikate alipita akaniuliza kama nasubiri basi.

Jumatano, 6 Mei
Amekuja Thibaud, fundi wa kukwangua kutu. Ameshika sanamu za vijiji vyote. Neno lake litamtosha meya. Nikamgeuzia pua. Akanitazama muda mrefu. Nikaacha kupumua. Akasema, dada, sogea kidogo, unaniziba mwanga.

Alhamisi, 7 Mei
Homa. Shangazi Hermance ananisimanga: shahada ya sanaa anayo, viatu hajui kuvaa. Nimekwenda hata hivyo. Hatimaye Thibaud amekiri kwamba sura yangu anaifahamu. Nikafumba macho nimsikie vizuri. Iko Brethonnay, akasema, iko Marsolles, iko makaburini Dampvitry. Kalibu moja ya kumiminia chuma, wanawake kibao. Na Brethonnay kuna msichana husimama kando ya sanamu ya kwao akiwa na ndoo. Wewe afadhali una mtungi, akanifariji.
Basi ukoo wetu ni mkubwa kuliko nilivyodhani.

Ijumaa, 8 Mei
Meya ameitazama pua yangu, akacheka mpaka akakaa chini. Kreni ikamnyanyua Zélie. Ndani yu mtupu. Ndege wawili walitoka kisiginoni wakapotea angani. Nililia. Meya akanipa leso yake, akaniomba nisiirudishe.

Jumamosi, 9 Mei
Getini kwa wakili kuna mbwa wa chuma. Naye anauzwa. Nimekaa naye juani asubuhi nzima, tukiwaza. Masikio ni ya babu, bila shaka yoyote. Ofisi ya meya itafunguliwa Jumatatu. Nimeanza kujizoeza kuchuchumaa.