Sakafu ya Mzee Parmuat

Jumanne, 3 Juni
Nimepata kazi! Mzee Parmuat, babake Soipan wangu, anataka sebule yake hapa Kitengela ing'ae kabla ya Jumamosi, wageni wakija. Mbuvi, fundi wa tailsi, alikuwa ameshapima. (Naye anamtolea Soipan macho. Mjinga.) Nikaingilia kati. Nikamwambia mzee tailsi ni za bafu. Siku hizi watu wanamwaga epoksi, resini ya kiwandani. Chai haiingii, mafuta hayaingii, hata kwato za ng'ombe haziikwaruzi. Mzee akauliza ng'ombe atafuata nini sebuleni. Swali zuri. Sakafu ikitoka safi, namposa Soipan papo hapo!

Jumatano, 4 Juni
Makopo mawili: resini, na dawa ya kuikaza. Maelezo yanasema resini vipimo viwili, dawa kimoja. Yaliandikwa na watu wasio na haraka. Nimeweka sawa kwa sawa, ikauke upesi! Nikakoroga yote kwenye ndoo moja, nikaenda kununua mayai ya kuchemsha. Kurudi, ndoo inafuka moshi! Kumbe ikirundikwa pamoja inajipika yenyewe. Nikaimwaga mbio mbio. Inang'aa ajabu! Soipan alichungulia dirishani akasema anaona meno yake sakafuni. Nina furaha mpaka nacheka peke yangu.

Ijumaa, 6 Juni
Inanata. Mbuvi amepita mara tatu akipiga mluzi. Nikamwambia mzee imekauka kabisa, ni baridi ya Juni tu. Akainama, akaipapasa kwa kiganja. Nikaona nafasi ya kuonyesha adabu. Mimi Mkamba, lakini najua kijana wa Kimaasai humwinamishia mzee kichwa, mzee akakigusa. Nikainamisha. Mzee, kwa mazoea, akagusa.

Kiganja hakikutoka.

Tulitembea hivyo hadi kwa Irungu, kinyozi, watu wakitupisha njia. Irungu alinyoa akizunguka vidole. Tulipoachana ndipo mzee akasema, polepole, Mbuvi alete tailsi zake. Iliniuma sana.

Jumapili, 8 Juni
Jana wageni waliketi uani. Lakini Soipan ameniandikia: babake yuko tayari kunisamehe, mradi nisiguse nyumba yake tena. Nyumba! Hakutaja fimbo yake ya kutembelea! Nimeichukua alfajiri kimyakimya, nikaipaka vanishi ya aina ile ile ya makopo mawili, na kuirudisha mlangoni. Inameremeta! Ataishika kwenda kanisani. Kosa langu nimelijua: dawa ya kukaza ilizidi. Safari hii sikuweka hata tone.