Kifo cha Rogathe wa Chuma

Jumatano, 5 Juni 2024

Jumapili tunachagua mwenyekiti wa jumuiya. Tuko wawili tu, mimi na Nikolausi. Nikolausi! Mtu anayesinzia misani tangu somo la kwanza. Ila anawaazima watu bomba lake la kupulizia maharage, basi Tlawi nzima inamwona mtakatifu. Mwenyekiti ndiye atakayesimama mbele askofu akija kutoa kipaimara. Mimi miaka yote nimesimama nyuma, benchi begani. Imetosha.

Njia nimeipata. Loveness, binti wa kaka yangu, amerudi kutoka chuo na projekta. Jumamosi naonyesha filamu ukumbi wa kigango, na mimi mwenyewe naitafsiri kwa kipaza sauti. Nani atamnyima kura mtu mwenye kipaza sauti?

Ijumaa, 7 Juni

Loveness kaja, shikamoo baba mdogo, akanieleza filamu yenyewe. Watu wake si watu. Wamechorwa wote na kompyuta. Ni mji wa miaka ijayo, na msichana nusu mtu nusu mashine anapigana na kampuni inayotawala akili za watu. Upuuzi mtupu, lakini vijana ndio wanaoupenda.

Akaniomba niitazame kwanza. Nikamwambia, mwanangu, kila Jumapili namtafsiria padri kwa Kiiraqw, na padri hajawahi kunionyesha mahubiri yake kwanza. Akaanza kukunja nyaya zake. Wasomi wa siku hizi, ukiwapa hoja wanaishiwa.

Mke wangu Marieta akauliza kama Kiingereza changu kitatosha. Nikamkumbusha kwamba darasani nilikuwa wa pili. Akauliza, kati ya wangapi? Nikaendelea kusali. Nilikuwa na rozari mkononi.

Jumamosi, 8 Juni

Mungu wangu.

Ukumbi ulijaa. Madirisha tuliyaziba kwa mablanketi. Bibi Philomena na kina mama mbele. Nikolausi nyuma, macho wazi kwa mara ya kwanza. Hata Lameck alikuwepo, mfugaji wa kule Hanang aliyepanda kumwona mtamba wake ninayemtunzia.

Mji wenyewe takataka. Mvua haikatiki na hakuna mwenye mwavuli. Taa za rangi hadi chooni, magari yanaruka, na hujaona hata shina moja la mahindi. Lameck akauliza kwa sauti, ng'ombe wao wako wapi? Nikasema kampuni imewachukua wote. Ukumbi mzima ukasikitika. Nilikuwa nimeanza vizuri.

Msichana nikambatiza Rogathe, maana jina lake la Kiingereza halikunikaa mdomoni. Nikamfanya mwanakwaya. Akirusha teke, kina mama wanapiga vigelegele.

Halafu Rogathe akaanguka kutoka ghorofani. Taa za macho zikazimika. Nikatangaza, "Wapendwa, Rogathe ametutoka. Tusimame." Nani angeiacha nafasi kama ile? Nikaipa mgongo shuka ya filamu, nikafumba macho, nikamwombea marehemu kwa Kiswahili, kisha kwa Kiiraqw. Bibi Philomena akaanzisha wimbo wa maziko. Watu walilia! Nilishajiona nashikana mkono na askofu.

Ghafla wimbo ukakatika. Nikadhani ni uchungu, nikaongeza sala. Ndipo nikasikia kicheko. Kufumbua macho na kugeuka, marehemu yuko juu ya pikipiki, anawatandika watu wa kampuni.

Nikasema huyo ni pacha wake.

Loveness, badala ya kunisitiri, akasema mbele za watu, "Baba mdogo, aliishiwa chaji tu."

Na Lameck, taratibu, kama anayemwonea huruma mgonjwa: "Kwetu tunamtikisa kwanza, ndipo tunalia."

Jumapili, 9 Juni

Nikolausi kapita. Kura yangu naijua ilikokwenda. Ya Marieta siijui. Anasema kura ni siri hata kwa mume.

Nikolausi akashukuru kwa maneno mawili matatu, mengine hana. Kisha akasema jumuiya inahitaji mtu wa kuongoza sala misibani. "Ndugu yetu Joakimu anajua kuombea," akasema, "hata marehemu asipokuwepo." Mikono yote ikanyooshwa juu. Yote! Yeye kachaguliwa kwa vikaratasi vilivyokunjwa kwa aibu. Mimi kwa mikono, mchana kweupe. Nani kashinda hapo?

Jumatatu, 10 Juni

Asubuhi Bibi Philomena na kina mama wamefika na kuni vichwani na debe la mahindi, kama wanavyokwenda penye msiba. Nikawaamkia. Wakakaa chini, nyuso zimeinama, wakanipa pole ya Rogathe. Bibi akauliza tunaanua tanga lini. Nikamjibu kwa heshima kwamba wanafamilia watakaa na kuamua. Marieta alikimbilia jikoni, mabega yanamtetemeka. Maskini, kumbe naye alimpenda yule binti.

Nikolausi naye kapita njiani, kaona kuni zimejaa uani kwangu. Akaongeza mwendo. Wivu.

Nimeshamwagiza Loveness filamu nyingine, ya vita vya mashine chini ya bahari. Humo watakufa wengi. Akauliza kama safari hii nitaitazama kwanza. Nikamwambia asinitie majaribuni. Mtu wa misiba hatakiwi kujua mapema nani atakufa.