Gesi ya Mananasi Yaliyooza

Jumatatu, 16 Juni
Leo sikwenda kuuza mikanda. Nina jambo kubwa zaidi. Gesi yote tunayopikia huja kwa meli! Meli ikichelewa bandarini, Kariakoo nzima inakula mkate mkavu. Mimi Theophil nimepata dawa: mananasi yaliyooza. Sokoni yanatupwa bure. Nimejaza pipa, nikatia mavi ya ng'ombe, nikaziba, nikachomeka mpira wa gesi wenye koki. Kipeperushi cha kutengeneza gesi ya samadi kinasema gesi hutoka baada ya siku ishirini na moja. Kimeandikwa na watu wasio na haraka.

Jumanne, 17 Juni
Nimelizunguka pipa mara kumi na tisa. Bi Mwanamkuu, mwenye nyumba, ameuliza nini kimefia uani kwake. Nikampa shikamoo, nikamweleza kuwa hiyo ni harufu ya taifa kujitegemea. Akaitikia marahaba, akasema Jumapili taifa hilo liwe limeondoka, la sivyo niondoke nalo. Khalfani, jirani yangu muuza sola, alicheka mpaka akakaa chini. Mtu wa kusubiri jua lichomoze!

Alhamisi, 19 Juni
Mektilda, mama lishe wetu, ana oda ya pilau ya watu hamsini Jumamosi. Ikiwapendeza, atapewa tenda ya kulisha mafundi wa ghorofa jipya kila siku. Alikuwa anakwenda kununua mtungi wa gesi. Nikamzuia. Nikaapa pilau itaiva kwa gesi yangu. Akanitazama sana. "Theo, wanangu wanakula kwa sufuria hii." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Wasiwasi nimebaki nao mimi.

Jumamosi, 21 Juni
Saa tatu asubuhi. Mchele umeoshwa, nyama tayari. Nikafungua koki. Kiberiti. Hamna! Cha pili. Hamna! Nikalitikisa pipa. Nikalikalia. Mpira ukachomoka, uji wa mananasi ukarukia shuka za Bi Mwanamkuu zilizoanikwa uani, zote saba. Mektilda hakugomba. Alikaa kwenye kigoda, akajifunika uso kwa khanga. Bora angenipiga. Khalfani akatokea na mtungi wake begani, wala hakucheka. Gesi ya meli! Pilau ikafika saa nane, tenda Mektilda akapata. Nilifurahi kwelikweli. Nilitaka kumwambia, lakini hakugeuka.

Jumapili, 22 Juni
Nimefukuzwa. Niko Upanga kwa dada yangu Ritha, ghorofa ya nne. Nimetafakari kosa langu kwa moyo mweupe. Kosa ni mananasi: matamu mno. Hapa familia kumi na mbili zinatumia bomba moja la choo, na gesi yote inapotea bure! Shemeji yuko kanisani. Nimeazima spana yake.