Tableti Yasema Mimi Ndiye Mgonjwa

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

…na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Si kwamba Raphaël yuko mbali, bali kwamba mimi peke yangu ndiye ninayeona ni jambo la haraka! Majuma sita ya ndoa. Matatu tumekaa pamoja hapa Kasongo, kisha wakubwa wake wa kilimo wakampeleka Kabambare kama gunia la mbegu. Mume wangu! (Nimeandika "mume wangu" mara nne pembeni mwa ukurasa huu. Maneno mazuri sana.)

Leo mtu wa pikipiki ameniletea ujumbe wa mama mkwe, Mama Marie-Thérèse, kutoka huko huko Kabambare. Anauliza: ndoa tuliisikia, bibi arusi hatujamuona, au tulialikwa kwenye uvumi? Uvumi! Kwao, bibi arusi ambaye hajapika sombe, majani ya mihogo, katika jiko la mama mkwe bado ni mgeni. Nimwache mume wangu awe mume wa uvumi?

Nimemwomba Shefu Bruno, mkubwa wetu wa ofisi, ruhusa ya siku nne. Akauliza sababu. Nikasema, mambo ya nyumbani. Bibi arusi anamwambiaje mzee wa umri wa baba yake kwamba hawezi kula kwa kumkosa mumewe? Akasema mambo ya nyumbani kila mtu anayo, na karatasi za wakulima ni nyingi. Kweli ni nyingi. Tuko wanane ofisini, tumekaa kwenye mabenchi tangu asubuhi, tunaingiza majina ya wakulima kutoka kwenye karatasi hadi kwenye tableti. Jina, kijiji, shamba, mihogo. Jina, kijiji, shamba, mpunga.

Lakini! Leo hii makao makuu yametuma programu mpya ya kulinda afya ya wafanyakazi. Kila asubuhi tableti itatuuliza: umeamkaje? Macho je? Shingo? Mgongo? Vidole? Usingizi? Atakayeumwa siku nne mfululizo atapewa mapumziko.

Raphaël, ninakuja!

Jumanne, 7 Oktoba

Macho: yanauma sana. Shingo: sana. Mgongo: sana. Vidole: sana. Usingizi: sina. Hilo la mwisho ni kweli, namuwaza yeye.

Kwenye benchi langu nakaa na Papa Asani, mzee wa kutoka upande wa Wamaza. Shingo ameizungushia kikwembe cha mkewe. Akitaka kuangalia mlango anageuka mwili mzima, kama kabati linalohamishwa. Tableti ikamuuliza shingo, akabonyeza: mzima. Mgongo: mzima. Vyote vizima! Nikamuuliza kwa nini. Akakasirika kabisa. "Mutu anakuuliza habari ya asubuyi, wewe unamutupia mugongo wako? Hata habari ya watoto haijauliza!" Akanifundisha kama mwanawe: kwanza unasema uko mzima, unakaa, unakunywa maji, halafu ndipo linalouma linatoka polepole. Tableti haingoji mtu anywe maji. Haina adabu, na yeye hatakosa adabu kwa sababu yake.

Na ofisi nzima iko kama yeye! Anastasie, ambaye vidole vinamtetemeka hata uzi hauingii kwenye sindano, amebonyeza mzima. Vizuri sana. Mgonjwa mmoja tu ataonekana vizuri zaidi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Siku ya nne! Tableti imeandika kwa rangi nyekundu kwamba hali yangu ni ya kuhurumiwa na kwamba nipewe siku mbili za mapumziko.

Kumbe ni ya kioo tu! Mapumziko ya kutotazama kioo cha tableti! Si ya kutokuja kazini! Shefu Bruno amenipeleka stoo kupanga karatasi za zamani. Vumbi lake ni la tangu enzi za babu. Macho yanapumzishwa kwa vumbi? Nani alifikiri hivyo? Nimepiga chafya hadi saa tisa.

Anastasie akaniletea chai ya tangawizi mlangoni. "Pole, mugonjwa wetu. Ndoa imekuchosha hivi?" Benchi lote likacheka. Mnafiki! (Chai ilikuwa nzuri.)

Jumatatu, 13 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Shefu Bruno alisimama asubuhi akasema anahitajika mtu mmoja wa kwenda kuwafundisha wenzetu kutumia tableti, kwa siku kumi. Wapi? KABAMBARE. Niliinua mikono yote miwili. Nilisimama juu ya benchi!

Akasema nishuke, nisije nikaumia zaidi. Barabara ni mbaya, ni siku nzima ya pikipiki na matope, na makao makuu yameamuru aende yule ambaye programu inasema ana afya kuliko wote. Akasoma orodha. Wa kwanza: Papa Asani! Papa Asani asiyeweza kutazama kushoto! Na mimi? Wa mwisho. Chini hata ya mtu mmoja wa ofisi nyingine ambaye wiki nzima amelazwa kwa malaria.

Nikaikimbilia tableti. Macho: mzima! Shingo: mzima! Moyo wangu wote: mzima! Ikaandika: mabadiliko ya ghafla, mfanyakazi aonwe na muuguzi. Hivi hata kupona sasa ni kosa?

Jumanne, 14 Oktoba

Nimembembeleza Papa Asani aikatae safari. Akasema, kazi ni kazi, binti yangu. Nikamwambia barabara ile itamvunja vipande viwili. Kisha akageuka, mwili mzima, akatazama mlango wa Shefu Bruno, akasema polepole kwamba majibu yale yanasomwa. Akisema shingo inauma, watatafuta mtu mwenye shingo changa. Ana watoto saba.

Kumbe si adabu peke yake.

Alipokwenda kuswali adhuhuri nikachukua tableti yake. Shingo: inauma sana. Mgongo: sana. Sikufanya kwa ajili yake, niseme ukweli. Nilifanya kwa ajili ya mapenzi! Wa kwanza akitoka, nafasi iko wazi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Muuguzi amekuja. Alimgusa Papa Asani shingoni, mzee akapiga kelele hadi kuku wa jirani wakaruka ukuta. Nilifikiri: sasa wanamfukuza, na mikono iliyobonyeza ni yangu.

Hawakumfukuza! Muuguzi alimkemea Shefu Bruno mbele yetu sote: mtu akae kwa saa saba nzima tableti iko magotini, bila pa kuegemea? Papa Asani amepewa juma moja la kupumzika, mshahara uko palepale, na kiti chenye mgongo, kile kile cha Shefu Bruno. Na sisi wote tusimame tujinyooshe kila saa. Papa Asani amemwombea Shefu baraka ndefu kwa kumwonea huruma, akidhani ndiye aliyemwita muuguzi. Na Shefu akazipokea! Zote! Bila kutazama chini hata kidogo! Baraka zangu!

Basi nani anakwenda Kabambare? Wa pili kwenye orodha. Anastasie! Wa vidole! Nilitaka kumwambia muuguzi amkague yeye pia, lakini Anastasie alikwisha kuficha mikono mifukoni na kuanza kufunga mzigo. Amekuja kuniuliza kwa upole kama nina la kumtumia mume wangu. Atakula sombe kwa mama mkwe kabla yangu mimi!

Mimi muuguzi alinikagua macho, akasema yanaona kama ya mwewe. Akaandika: mzima, ila aulizwe anataka nini. Shefu Bruno akaniita, akafunga mlango, akaniwekea hata maji ya kunywa. Akasema, mwanangu, sema wazi, unataka nini?

Nikanywa maji. Nikasema, sitaki kitu, Shefu. Niko mzima.

Ijumaa, 17 Oktoba

Furaha! Nimepata njia! Leo wamebandika ukutani tangazo kuhusu wafanyakazi wajawazito. Mstari wa kwanza: mwenye mimba atatolewa mbele ya kioo na kupewa mapumziko karibu na familia yake. Karibu na familia yake! Mistari iliyobaki ilikuwa mirefu, marufuku hii na ile, habari za pikipiki na barabara mbaya. Sikuisoma, mimi si dereva.

Jumatatu asubuhi nabonyeza: mjamzito. Tableti haiwezi kunipima tumbo.

Raphaël wangu, mwambie mama aniwekee jiko wazi. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa Kabambare.