Kuondolewa Kwangu Sebuleni kwa Tuhuma za Kumwasha Mbwa

Kwa Mheshimiwa Daktari wa Mifugo,
Kliniki iliyo nyuma ya kituo cha mafuta.

Mheshimiwa Daktari,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya. Kwa upande wangu nisingependa kusema uongo katika mstari wa kwanza: kwa mujibu wa watu wa nyumbani kwangu, mimi ni ugonjwa.

Huenda umenisahau. Mimi ni yule fundi makochi niliyeingia kliniki nimembeba mbwa wa kahawia mikononi kama bibi harusi, mke wangu akiwa nyuma yangu akiniambia nisimtikise. Mbwa anaitwa Meneja. Jina hilo alipewa na binti yetu wa mwisho, kwa kuwa tangu angali kitoto alikuwa akizunguka nyumba nzima anakagua, kisha analala bila kufanya kazi yoyote. Binti ameolewa, amehamia mbali, na Meneja ndiye aliyebaki kuitwa "mtoto" pale nyumbani. Nakueleza haya ili uelewe kwamba Meneja alipoanza kujikuna, kulamba nyayo na kutokwa na mabaka mekundu tumboni, hakuumwa peke yake. Mke wangu aliacha kula. Binti yetu akipiga simu, swali la kwanza ni Meneja na swali la mwisho ni Meneja. Mimi nina presha, hakuna aliyewahi kuniulizia.

Nakiri ulifanya kazi yako vizuri. Ulimkwangua ngozi, ukamchungulia masikioni, ukasema si utitiri wala viroboto bali ni mzio, yaani aleji: mwili wa mbwa umekikataa kitu fulani ambacho kwa wenzake hakina neno. Kisha ukatamka maneno ambayo ndiyo chanzo cha barua hii. Ulimwambia mke wangu, "Mama, ondoa kitu kimoja kimoja, halafu angalia. Siku mbwa akiacha kujikuna, umempata mchawi wako."

Daktari, ungejua unaongea na nani ungechagua maneno mengine. Mke wangu ukimwambia atie chumvi kidogo, atataka kujua kidogo cha nani.

Malalamiko yangu nimeyapa namba ili yasichanganyike na ya wagonjwa wako wengine.

1. Kuhusu chakula. Uliagiza kwamba kwa wiki nane Meneja ale nyama ya aina moja tu ambayo hajawahi kuionja, bila chumvi, bila mafuta, na asiguse kingine chochote. Ikachaguliwa nyama ya sungura. Mimi sungura sijawahi kumla. Meneja siku hizi anajua tofauti ya paja na kidari. Hilo ningelimeza. Lakini ulisema pia kwamba hata punje moja ya chakula kingine inaweza kuharibu jaribio zima, na mke wangu akapiga marufuku mtu yeyote kula mbele ya mbwa. Sasa kwa kuwa Meneja humfuata kila mwenye sahani, tunakula kwa zamu bafuni, komeo limefungwa. Mtu mzima mimi, ninayeitwa baba hata na wateja, nakula maharage nimekalia ndoo iliyofunikwa kifudifudi, huku mbwa akihema chini ya mlango.

Asubuhi moja nilipaliwa. Kipande cha mkate kikanitoka, kikateleza chini ya mlango, kikaenda zake. Kikao kikaitwa. Mama mkwe wangu, ambaye alikuja kutembea, akabaki kumsaidia mwanawe kuuguza, na hajasema anaondoka lini, alitoa ushahidi kwamba alimsikia mbwa akimeza. Wiki nane zikaanza upya. Katika kipindi hicho nilisalimiwa kwa kidevu.

2. Kuhusu kuogeshwa. Shampuu ya dawa uliyotupa inatakiwa ikae mwilini dakika kumi kabla ya kusuuzwa. Meneja hatulii hata moja, mpaka aimbiwe. Na kwa bahati mbaya hataki sauti ya mtu mwingine isipokuwa yangu. Mke wangu ana sauti nzuri ya kwaya, alijaribu, mbwa akamrushia povu. Basi mimi husimama uani miguu ikiwa kwenye beseni, namwimbia mbwa, na wateja wangu wananisikia kutoka barabarani. Mmoja alikuja kuchukua mito yake, akasikiliza kidogo, akauliza kwa sauti ya chini tumefiwa na nani.

Nisidhaniwe kuwa mpinzani wa dawa. Jirani yetu fundi pikipiki alipokuja na kopo la oili chafu, akiapa kwamba ndiyo iliyomponya mbwa wa babu yake, ni mimi niliyemzuia langoni. Nilimweleza kama ulivyotueleza wewe: oili inaunguza ngozi, na mbwa akijilamba inamwingia tumboni kama sumu. Akaniambia nimekuwa msomi. Nikamjibu kwamba sijasoma, nimefundishwa na mbwa.

Tena nilijitolea kwa ufundi wangu. Ile kola ya plastiki uliyompa asijilambe ilikuwa ikigonga milango na kumpa huzuni. Nikamshonea nyingine, laini, ya sponji, nikaifunika mahameli ya zambarau. Daktari, sijawahi kushona kitu kizuri kama kile. Ila mahameli hiyo ilikuwa imebaki kwenye kitambaa cha kochi la mwalimu mkuu, nami sikumwambia kwamba imebaki. Siku aliyokuja kukagua kazi, Meneja alitoka kumlaki akiwa amevaa. Mwalimu mkuu akamtazama mbwa, akatazama kochi, akamtazama tena mbwa. Kesho yake alileta gari, akalichukua kochi likiwa bado na mkono mmoja.

3. Kuhusu kuondolewa kwa vitu, na hapa naomba ukae chini. Sungura alipoonekana hatoshi, mke wangu alianza kuisafisha sebule kwa mujibu wa maneno yako. Likatoka zulia. Yakatoka mapazia, yakafuatwa na maua ya plastiki, mito, sabuni ya unga, na manukato niliyomnunulia mwenyewe tukiwa wachumba. Sebule ikabaki na mwangwi. Ukisema karibu, ukuta ndio unaokuitikia. Na Meneja akaendelea kujikuna katikati ya uwanja huo, kama mtu anayepiga gitaa.

Jioni moja mke wangu alisimama pale katikati, akageuka polepole. Vilivyobaki vilikuwa televisheni, mama yake na mimi. Televisheni haina manyoya. Mama ni mama. Macho yakanishukia.

"Baba watoto," alisema, kwa upole ambao sijausikia tangu tuoane, "si kwa ubaya. Wiki mbili tu, tuone."

Nilijitetea. Nilisema nimeishi naye miaka yote hii na sijawahi kumwasha mtu. Hapo mama mkwe, ambaye kwa kawaida hanijibu kwa kuheshimu ukwe, aliuangalia ukuta na kuuambia kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na anayeingia humu na vumbi la makochi ya watu kwenye nguo anajulikana. Ukuta haukubisha. Godoro langu likatangulia karakana, nami nikalifuata.

4. Kuhusu matokeo. Hili ndilo lililoniuma kuliko yote: Meneja alipona. Mabaka yakafifia, nyayo zikakauka, manyoya yakaota tumboni laini kama ya kifaranga. Nilifurahi kama mzazi, na kama mtuhumiwa nikaisha. Mke wangu alimpigia simu binti yetu, binti akalia kwa furaha, kisha akauliza, "Kwa hiyo ni baba?" Hakuna aliyemjibu, na kutojibu ndiko kujibu. Ndugu yangu wa tumbo moja alinipigia kunipa pole. Kabla ya kukata simu aliuliza, kwa kuzungukazunguka, kama inaambukiza.

Basi nikakumbusha kwamba wewe mwenyewe ulisema kitu kikishashukiwa hurudishwa, ili kuthibitisha. Wakakubali kunirudisha. Ilikuwa Jumapili mchana. Sebule isiyo na zulia ilijaa watu: mama mkwe, shemeji wawili, jirani fundi pikipiki ambaye hakuna aliyemwita, na mke wangu aliyekaa karibu na mbwa ameshika kitambaa. Nilikuwa nimeoga kwa ile shampuu, nimevaa shati jipya. Nikaingia kwa mguu wa kulia.

Meneja aliniona. Alisimama, akatikisa mkia mpaka kiuno chote kikayumba, akanijia, akaninusa magotini. Nikaanza kumshukuru Mungu kimoyomoyo. Kisha mbwa akakaa chini, akainua mguu wa nyuma, akajikuna sikio. Mara moja tu!

"Basi," alisema mama mkwe.

Daktari, nakuuliza wewe mwenye elimu. Mbwa anayekodolewa macho na chumba kizima atafanya nini? Hata kochi lingejikuna. Shemeji mkubwa alijikuna mgongo muda uleule, tena kwa kutumia fremu ya mlango, na hakuna aliyemwambia ahame. Nilirudishwa karakana kabla chai haijamiminwa. Mke wangu alinisindikiza mpaka nusu ya uwanja, akasimama, akanitengeneza kola ya shati, akageuka haraka. Nadhani alikuwa analia, ila nilikuwa upande wa jua, sikuona vizuri.

5. Kuhusu maombi yangu. Kwa kuwa wewe ndiye uliyeanzisha jaribio hili, naona ni haki unisaidie kwa mojawapo ya njia zifuatazo.

Kwanza, unipokee kliniki kama mgonjwa. Unikwangue ngozi, unichungulie masikioni, uniweke kwenye darubini. Nitakaa foleni na wenzangu, na sitambwekea mtu.

Pili, ukiona sina hatia, uniandikie cheti chenye muhuri kwamba mwenye cheti hiki ni mume, si mzio. Nitakitia fremu na kukipigilia juu ya mlango wa sebule, mahali palipokuwa na picha ya harusi, ambayo nayo iliondolewa kwa sababu ya vumbi.

Tatu, ukiona nina hatia, unitibu. Sindano naziweza. Sungura nitamla. Kola nitavaa.

Nne, na hili naliandika kwa heshima zote na kwa faida ya sayansi: ukimwandikia mke wangu, mkumbushe kwamba sebuleni kumebaki vitu viwili ambavyo havijajaribiwa. Televisheni ni moja. Kile cha pili sikitaji, maana ni mzazi wangu kwa ndoa, lakini aliwasili na mfuko wa vidonge vya kufukuza nondo, na mwasho ulianza wiki ileile. Si kwa ubaya. Wiki mbili tu, tuone.

Nikipuuzwa, nitalazimika kuupeleka mwili wangu kwenye kliniki nyingine, na mbele ya wagonjwa wote nitasema ni nani aliyenitambulisha kwa jina la mchawi.

Nipelekee salamu kwa msaidizi wako anayewakamata mbwa mdomo bila kuogopa, kwa mama wa mapokezi aliyeandika jina langu kwenye nafasi ya mgonjwa na la Meneja kwenye nafasi ya mwenye mgonjwa, kwa yule paka mnene anayelala juu ya mizani, na kwa mzee wa mbuzi tuliyekaa naye benchi moja. Natumaini mbuzi amepata choo.

Ni mimi niliye nje ya nyumba yangu lakini ndani ya utii,

Fundi makochi,
Karakana, nyuma ya nyumba ileile.

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha mke wangu alipoingia karakana, anamtafuta Meneja. Akamkuta amelala kwenye godoro langu, kichwa juu ya sponji kuukuu la vumbi. Sikuwa nimekueleza, kwa kuwa hukuniuliza: Meneja hulala huku tangu siku niliyohamishwa. Watu wa ndani humfungia barazani wakidhani anakaa, naye hupita chini ya uzio na kuja. Amepona akiwa kifuani pangu.

Mke wangu si mjinga. Alimtazama mbwa, akanitazama mimi, kisha akaugeukia upande wa nyumba, ambako televisheni ilikuwa inasikika mpaka huku na mama yake akiicheka peke yake. Nikasimama wima kusubiri kuachiwa huru. Alivua viatu, akaniambia, "Sogea," na hivi ninavyoandika wamelala wote wawili, wanakoroma, na hakuna anayejikuna.

Kwa hiyo naomba cheti usiandike. Mtu yeyote akikuuliza, sema vipimo vimetoka na mimi nawasha sana. Na ikibaki nafasi chini, ongeza kwamba mke wangu naye ameanza kuwasha.