Chuma Kilichonyooshwa Bure

Jumanne, 4 Machi
Siku ya kumi na tisa ya ndoa. Mume wangu (mume wangu! hata kalamu inatabasamu) amekwenda kazini, kaniachia busu na ufunguo wa gari. Gari ni kuukuu, zawadi ya baba mkwe, tena yenye sharti: Jumapili anakuja kulikagua. Akiona halitunzwi, linahamia kwa shemeji yangu mdogo, ambaye ameshalinunulia marashi ya kutundika kwenye kioo. Roho mbaya iliyoje!
Nikaliendesha hadi sokoni nikiwaza macho ya mume wangu. Nikapanda ukingo wa mtaro. Kacha! Sasa gari likikata kona linalala kama mlevi, na chini linagonga ko-ko-ko. Mume hajui. Na asijue!

Jumatano, 5 Machi
Nimeshinda chini ya gari. Raha tupu! Kumbe kule kuna dunia nzima? Nikaona chuma kirefu, kinene kama kidole gumba, kimetoka gurudumu la kushoto hadi la kulia, kimejikunja huku na huku. Kimekatika. Nikampigia fundi wa gereji, nikasema rafiki yangu ana tatizo. Akasema hiyo ni stabilaiza, inazishika pande mbili zisiyumbe kwenye kona. Pande mbili, chuma kimoja! Machozi yalinilengalenga. Akaonya kisichomelewe, kitafutwe kingine. Halafu akaomba rafiki huyo amsalimie mume wake mpya.
Nati zina kutu ya miaka. Nimezilowesha mafuta ya kupikia.

Alhamisi, 6 Machi
Kutafuta kingine ni kuchelewa. Nimekifungua mwenyewe, kwa spana alizozishika mpenzi wangu! Nikavitia vipande kwenye gunia, mbio kwa fundi wa mageti. Jioni nikakikuta kimeungwa, kimepakwa rangi ya fedha, kimenyooka kama rula. Alisema alikiona kimepindapinda, akakihurumia, akaninyooshea bure. Nilimwombea dua ndefu.
Nimefika nyumbani ndipo najiuliza: kwani ule mpindo ulikuwa na kazi?

Ijumaa, 7 Machi
Ulikuwa na kazi. Ndio uliokuwa ukikwepa injini. Nimesukuma, nimevuta, nimekibembeleza kwa majina ninayomwitia mume wangu. Wapi! Kufika gurudumu la pili, lazima kipite ndani ya injini. Nikakificha chini ya kitanda.
Mume wangu akauliza mbona gari liko juu ya jeki. Nikasema linapumzika. Akasema, pole yake. Nampenda mpaka naogopa!

Jumamosi, 8 Machi
Alikuwa anatafuta kiatu. Akachomoza na chuma mkononi. Nikasema ni fimbo ya pazia, nilitaka kumshtukiza. Akanikumbatia! Akapanda kiti, akakitundika sebuleni, akasema hajawahi kuona fimbo imara hivi. Nikapiga makofi. Ningefanyaje?

Jumapili, 9 Machi
Baba mkwe kaja, na shemeji nyuma yake, ufunguo anauona kama wake. Baba mkwe hakufika hata kwenye gari. Alikaa chini ya pazia, akatazama juu, akatazama tena, akazitambua zile ncha bapa zenye matundu ya nati. Shemeji akadakia, "Shemeji, pazia lenu nalo linakata kona?"
Nikakiri yote, mtaro mpaka rula. Mume wangu akanishika mkono mbele ya watu! Baba mkwe akauliza jambo moja tu: zile nati nilizifunguaje? Yeye alishindana nazo miaka minane, zikamshinda. Nikamwambia siri ya mafuta ya kupikia. Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema gari ni la mwenye mkono uliozifungua, shemeji apande basi.
Tukaenda naye kwa wauza vipuri vilivyotumika, tukapata stabilaiza yenye mipindo yake yote. Niliinua upande mmoja wa gari kwa jeki, matundu yakakataa kukutana. Akasema inua pande zote mbili kwa pamoja. Ikaingia yenyewe! Kisha akaniapisha mbele ya mume wangu: nisiguse tena kitu chochote chini ya gari bila fundi. Nikaapa kwa moyo wote.

Jumatatu, 10 Machi
Gari kimya, limetulia, letu. Mume kazini. Kiapo nakitunza: chini ya gari sijagusa kitu.
Nimefungua boneti.