Barua Chini ya Nyasi za Dastan

Jumatatu, 10 Machi 2025

Siku ya sita ya Kwaresima. Mwalimu wa Dini alisema kila mmoja aache kitu kimoja hadi Pasaka. Ida ameacha sukari kwenye uji. Mimi nimeacha wivu. Sukari niliona ni rahisi mno, na kwetu haipo.

Ida ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Sasa tuko Kidato cha Tatu. Kila siku tunatembea pamoja kwenda shule, dakika hamsini, kupitia mibuni ya baba yake hadi bondeni. Hatujawahi kugombana, ila mara moja kuhusu mwavuli.

Tangu Jumatano iliyopita tunatembea watatu. Wa tatu ni Dastan wa Kidato cha Nne, anayeimba besi kwenye kwaya ya vijana. Anambebea Ida madaftari. Yangu hajayaona. Njia yetu inatosha watu wawili, nimeipima kwa hatua. Kwa hiyo natembea nyuma. Leo kila tawi la mbuni ambalo Dastan alilisukuma ili Ida apite lilirudi usoni kwangu.

Sina wivu. Naweka kumbukumbu tu.

Jumatano, 12 Machi

Mpango: kumpitia Ida mapema, kabla Dastan hajafika. Nilibisha hodi kwao saa kumi na moja alfajiri.

Sikufikiria kwamba saa hiyo anayebisha hodi huleta habari ya msiba. Mama Ida alitoka akiwa ameshika kichwa, akauliza ni nani. Nikasema ni mimi, Skola. Akasema anajua ni mimi, anauliza amekufa nani. Nikasema shikamoo, hajafa mtu. Alikuwa ameshaanza kulia, na kunyamaza ghafla kulimsumbua. Akanipa debe la mahindi nipukuchue mpaka kuche, kwa kuwa sina usingizi.

Ida alipoamka Dastan alikuwa ameshafika. Nilisubiri wamalize kucheka, tukaondoka.

Ijumaa, 14 Machi

Njia ya Msalaba kanisani. Kati ya kituo cha tatu na cha tisa Dastan alimtazama Ida mara kumi na moja. Nilisali vituo vilivyobaki nikiwa nimefumba macho, nisiendelee kuhesabu. Nilijikwaa kwenye benchi la wazee.

Jumamosi, 15 Machi

Kulaza nyasi shambani kwa baba yake Ida. Mwalimu mpya wa Jiografia, anayetoka Dodoma, aliniomba juzi nimweleze kilimo chetu cha ngolo. Nilimweleza hivi: wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza miraba miraba, mteremko mzima. Baada ya wiki, nyasi zikikauka, wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuzifunika kwa udongo, kisha maharage hupandwa juu yake. Mwanamume hachimbi. Mwanamke halazi. Mwalimu aliandika yote.

Dastan alikuja bila kualikwa, na panga lake. Akapewa mstari wa nne kutoka kwenye mparachichi. Miraba yake imepinda. Baba Ida aliitazama kwa muda mrefu, akasema mvua haitajali.

Mimi nilileta maji. Wakati nawanywesha nilipata wazo zuri sana.

Ijumaa, 21 Machi

Mambo mazito huandikwa. Nimemwandikia Ida barua. Ina utangulizi, aya tatu na hitimisho. Sikutia jina kwa sababu nani mwingine angemwandikia hivyo? Niliandika kwa herufi kubwa tupu, ionekane rasmi. Nainakili hapa sehemu iliyo bora:

“Mpendwa Ida, tangu umpate huyo mwingine hunioni tena. Je, umesahau yote tuliyofanya wawili? Moyo wangu hautaki kugawana. Chagua mmoja wetu. Usimwambie mama yako.”

Kumpa mkononi kungeonekana kama kuomba. Kwa hiyo baada ya shule nilikwenda shambani, nikaificha chini ya nyasi, ncha ikitokeza kidogo katikati, mraba wa kwanza wa mstari wa nne. Kesho ni kuchimba. Mimi na Ida huchimba karibu na mparachichi kila mwaka, yeye mstari wa nne, mimi wa tano. Ataikuta mwenyewe, peke yake, mikono ikiwa na udongo. Nadhani atalia kidogo.

Jumamosi, 22 Machi

Mama Ida alitangaza kwamba mwaka huu mimi na Ida hatukai jirani, kwa sababu tunaongea sana na mashimo yetu yanakuwa mabakuli. Ida akapelekwa ng'ambo ya pili, karibu na bibi yake. Mstari wa nne akaushika Mama Ida mwenyewe.

Nilijitolea kubadilishana naye. Akasema asante mwanangu, chimba hapo ulipo.

Aliipata kwa jembe la tatu. Mama Ida ni katibu wa jumuiya, anasoma vizuri. Aliisoma amesimama ndani ya shimo. Akairudia. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, mstari huu alilaza nani. Hakuna aliyehitaji kufikiri. Mistari ya Dastan inajulikana kwa kupinda. Na kilicho chini ya nyasi kimewekwa na aliyelaza nyasi. Hata mimi ningesema hivyo.

Akaita, “Ida, njoo hapa. Kumbe wako wawili.”

Ida akauliza wawili gani. Mama yake akasema: huyu aliyeandika, na huyo mwingine anayemlalamikia. Wanawake wote wakasimamisha majembe. Bibi akasema enzi zake ulikuwa unagombana na mmoja mpaka unachoka.

Nilifungua mdomo. Nikaendelea kuchimba. Shimo langu leo lilikuwa na kina cha kutosha.

Jumapili, 23 Machi

Baada ya misa Mama Ida alikwenda na barua kwa bibi yake Dastan, anayemlea. Dastan alikana. Bibi yake akamtetea: barua ina mwanzo, kati na mwisho, na mjukuu wake hajawahi kumaliza insha hata moja. Nilijisikia vizuri. Kisha vibaya.

Hata hivyo Dastan amekatazwa kumkaribia Ida. Mimi nimepewa kazi. Mama Ida aliniita pembeni akasema, “Skola mwanangu, wewe ndiye mwenye akili. Nitafutie huyo wa pili ni nani.”

Nilisema nitajitahidi.

Jumanne, 25 Machi

Habari mbaya kuliko zote. Ida anahamishwa. Jumamosi anateremshwa Mbamba Bay kwa shangazi yake Hildegardi, auzaye dagaa, atasoma huko huko. Mama yake amesema kule ziwani hakuna nyasi za kufichia barua.

Tulikwenda shule. Tulikuwa wawili tu. Nafasi ilikuwa ya kutosha, na sikujua niiweke wapi mikono yangu. Pale kwenye daraja la magogo alisema anaamini si Dastan, akauliza kama nimeshamjua aliyeandika. Nikasema bado nachunguza. Akasema akimjua atamzika kwenye ngolo akiwa hai.

Alhamisi, 27 Machi

Niliungama. Padri alisikiliza yote, hata sehemu ya mahindi, ambayo hakuiuliza. Akasema Mungu amenisamehe, sasa niende kwa Mama Ida, na nisipitie popote.

Nilimkuta anachambua mbegu za maharage. Nilikuwa nimeandaa hoja tatu. Nilifika ya kwanza. Akanisimamisha, akauliza huyo mwingine ni nani basi. Nikasema Dastan. Na aliyeandika? Nikasema mimi.

Akayarudisha maharage kwenye ungo. Akauliza kwa nini sikumwambia tu Ida. Nikasema nilikuwa nimeacha wivu kwa ajili ya Kwaresima, nisingeweza kuutaja.

Mama Ida aliinamisha uso kwenye ungo. Mabega yalimtikisika. Nilidhani analia, nikataka kumshika. Hakuwa analia.

Ida haendi, na Dastan ameondolewa katazo. Adhabu yangu: kumaliza mstari wote wa nne, ulioachwa siku ile ya barua, peke yangu, Jumamosi. Ameshamweleza Ida mwenyewe. Ida hakutoka nje nilipoaga.

Jumamosi, 29 Machi

Nilianza saa moja asubuhi. Mashimo ishirini na mawili. Kwenye la sita alikuja Ida na jembe lake, akasimama mstari wa tano, ambao nao haukuisha. Hakunisalimia. Akaanza kuchimba. Ngolo mbili zilizo jirani zina tuta moja katikati, kwa hiyo udongo wake na wangu ulikuwa unaangukia nyasi zile zile.

Mashimo manne bila neno. La tano akasema, “Unachimba mabakuli.”

Nikasema najua.

Akasema ningemwambia tu. Angemwambia Dastan atembee nyuma. Sikuwahi kufikiria kwamba Dastan anaweza kutembea nyuma.

Tukacheka kidogo, tukachimba. Kisha nikaona anajifuta macho kwa mkono wenye udongo. Dastan hamsalimii. Anapita njia ya zahanati. Bibi yake amemwambia ile ni familia ya kesi. Ida akasema ananisamehe, lakini niape: nisiandike tena barua yoyote inayomhusu. Niliapa, mkono juu ya mpini.

Jumapili, 30 Machi

Leo tumekwenda misani wawili, bega kwa bega. Nilifurahi hadi kwenye kona ya kanisa. Ida aligeuka nyuma mara tano. Rafiki mwenye huzuni hafai kuachwa hivyo.

Kiapo changu nakitunza. Sijaandika kitu. Baada ya misa nilikwenda kwa miguu yangu kwa bibi yake Dastan, nikamweleza kwa mdomo kwamba Ida anaumwa, hali wala halali, na kwamba ingependeza Dastan aje kumjulia hali. Bibi aliguswa sana. Ameahidi kwamba kesho jioni jumuiya nzima itakwenda kumwombea mgonjwa, na Dastan atabeba kitabu cha nyimbo.

Kilichobaki ni kumwarifu Ida kwamba anaumwa.